Lenzi ya Milimita 50 na Bei ya Mwanga

Lenzi ya kawaida ni ile ambayo urefu wake wa fokasi unakaribiana na ulalo wa fremu ya filamu au wa kihisi cha kamera. Kwenye fremu ya milimita 24 kwa 36, kipimo kilichoenea duniani kote katika karne ya 20, ulalo huo ni milimita 43 na kidogo, na lenzi iliyozoeleka ni ya milimita 50. Lenzi hii haina zumu. Mpiga picha akitaka kitu kionekane kikubwa, anakisogelea; akitaka kionekane kidogo, anarudi nyuma. Kwa karibu miaka mia moja imetengenezwa kwa madaraja tofauti: ya bei nafuu, ya bei ya kati na ya bei kubwa. Daraja la kati, ambalo kwa muda mrefu lilitambulika kwa tundu la f/1.4, ndilo linalowapa wanunuzi shida zaidi ya kuamua. Kulitathmini vizuri kunahitaji kujua historia yake, kwa sababu karibu kila sifa ya lenzi hizo, njema na mbaya, ni jibu la swali lililowashughulisha mafundi wa vioo tangu mwanzo: mwanga zaidi unaweza kupatikana kwa gharama gani?

Namba ya tundu hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/3.5 ina tundu la takriban milimita 14, yenye f/2, milimita 25, yenye f/1.4, karibu milimita 36. Kwa kuwa kiasi cha mwanga hufuata eneo la tundu, f/1.4 hupitisha mwanga mara mbili ya f/2 na zaidi ya mara sita ya f/3.5. Lakini tundu likipanuka, miale mingi zaidi hupita kwenye kingo za vioo, na vioo vilivyochongwa kwa umbo la tufe hukosea zaidi kwenye kingo kuliko katikati. Picha hufunikwa na ukungu mwepesi, nukta za mwanga zilizo pembeni huota mikia, na mistari ya vitu vyeusi huzungukwa na rangi zisizokuwepo. Historia ya lenzi ya kawaida ni historia ya kupambana na makosa hayo tundu moja baada ya jingine.

Kutoka Vienna hadi Jena

Mwaka 1839, Louis Daguerre alipotangaza njia yake ya kuhifadhi picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, kamera zilizouzwa Paris zilikuwa na lenzi ya Charles Chevalier iliyofanya kazi kwa tundu la karibu f/15. Ilitosha kwa majengo ya mchana. Kwa uso wa mtu ilikuwa mateso, kwani aliyepigwa picha alilazimika kukaa dakika kadhaa juani bila kutikisika. Mwaka uliofuata Joseph Petzval, profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Vienna, alikamilisha lenzi ya f/3.6, akisaidiwa na askari wa mizinga wa jeshi la Austria waliokuwa mahiri katika kukokotoa. Lenzi hiyo iliyotengenezwa na Voigtländer iliingiza mwanga zaidi ya mara 15 ya ile ya Chevalier. Ilikuwa kali katikati na dhaifu pembeni, kasoro iliyovumilika kwa kuwa uso wa mtu hukaa katikati ya picha. Hivyo tangu mwanzo lenzi yenye tundu kubwa ilihukumiwa kwa kazi iliyokusudiwa, wala haikutakiwa iwe kamilifu kila mahali.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa kioo chenyewe. Vioo vilivyopatikana viliwapa wabunifu chaguo finyu: kilichopinda mwanga kwa nguvu kilitawanya pia rangi zake kwa nguvu. Mwaka 1884 Otto Schott, mwanakemia wa vioo, pamoja na Ernst Abbe, Carl Zeiss na mwanawe Roderich, walianzisha kiwanda cha vioo mjini Jena, Ujerumani. Vioo vipya vya Jena, vikiwemo vyenye bariamu, viliupinda mwanga bila kuzitawanya rangi kwa kiwango cha zamani.

Paul Rudolph, mbunifu wa Zeiss, aliitumia nafasi hiyo. Mwaka 1896 alibuni Planar, lenzi ya vipande sita vya kioo vilivyopangwa katika nusu mbili zinazotazamana kutoka pande mbili za tundu. Makosa ya nusu ya mbele hufutwa kwa sehemu kubwa na makosa ya nusu ya nyuma. Chimbuko la umbo hilo ni lenzi ya darubini iliyopendekezwa na Carl Friedrich Gauss mwaka 1817, na karibu kila lenzi ya milimita 50 yenye tundu kubwa iliyouzwa katika nusu ya pili ya karne ya 20 ni mzao wake.

Hata hivyo Planar ilikuja kabla ya wakati wake. Vipande vyake vilikuwa na nyuso nane zinazokutana na hewa, na kila uso wa kioo kisicho na utando huakisi takriban asilimia 4 hadi 5 ya mwanga. Baada ya nyuso nane, karibu theluthi moja ya mwanga ilikuwa imepotea njia, na sehemu yake ilirudi kwenye picha kama weupe uliofifisha weusi. Mwaka 1902 Rudolph alitoa Tessar, yenye vipande vinne na nyuso sita tu za hewa. Ilianza na tundu dogo la f/6.3, lakini picha zake zilikuwa safi na gharama yake ndogo, ikaenea kuliko Planar. Umbo la Planar liliendelea kufanyiwa kazi Uingereza, ambako mwaka 1920 Horace Lee wa kampuni ya Taylor, Taylor & Hobson aliziacha nusu mbili zisifanane kabisa, akafikia f/2.

Wetzlar na kuzaliwa kwa milimita 50

Urefu wa milimita 50 uliwekwa na kamera moja. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Ernst Leitz mjini Wetzlar, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alitengeneza kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Fremu ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Barnack aliiongeza maradufu ikawa 24 kwa 36. Ernst Leitz wa pili aliamua kuiingiza sokoni, na mwaka 1925 kamera ya Leica ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig. Max Berek aliibunia lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/3.5, ambayo muda mfupi baadaye ilipewa umbo la vipande vinne na jina la Elmar.

Milimita 50 ni ndefu kidogo kuliko ulalo wa fremu, na urefu huo wa ziada ulimpunguzia mbunifu kazi. Lenzi ndefu zaidi huona pembe ndogo zaidi, hapa takriban nyuzi 47, na pembe ikipungua, kona za picha huwa rahisi kusahihisha. Hilo lilikuwa jambo zito kwa kamera ambayo negatifu yake ndogo ilipaswa kukuzwa mara nyingi.

Mara nyingi husemwa kwamba lenzi hii huona kama jicho la mwanadamu. Kwa upana si kweli, kwani macho huona eneo kubwa zaidi. Ukweli uliomo katika kauli hiyo unahusu umbali wa kutazama. Negatifu ya milimita 24 kwa 36 ikikuzwa mara tano hutoa picha ya sentimita 12 kwa 18, na milimita 50 zikizidishwa kwa tano ni sentimita 25, umbali ambao watu wengi hushikia kitu wanachosoma. Picha ikishikwa hapo, vitu vilivyomo huonekana kwa uwiano uleule wa karibu na mbali ambao mpiga picha aliuona. Ndiyo maana picha za lenzi ya kawaida hazina mvutano wa lenzi pana wala msongamano wa lenzi ndefu. Henri Cartier-Bresson, aliyeanza kutumia Leica mwanzoni mwa miaka ya 1930, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa urefu huu mmoja.

Mashindano ya tundu

Mwaka 1932 Zeiss Ikon ilileta Contax kushindana na Leica, na mbunifu Ludwig Bertele akaipa lenzi za Sonnar za milimita 50 zenye f/2 na f/1.5. Bertele aliunganisha vioo kwa gundi katika makundi matatu, hivyo hata f/1.5, yenye vipande saba, ilikuwa na nyuso sita tu za hewa. Mahitaji ya soko yalikuwa wazi. Filamu ya rangi ya Kodachrome, iliyopatikana kwa milimita 35 mwaka 1936, ilikuwa na wepesi wa takriban 10 kwa kipimo cha ASA. Kwa filamu kama hiyo, tundu la f/2 lilikuwa tofauti kati ya kupata picha ndani ya nyumba na kuikosa.

Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alipata hataza ya kupaka nyuso za kioo utando mwembamba sana unaopunguza mwakisiko. Teknolojia hiyo ilitumika kijeshi wakati wa vita, na baada ya 1945 ikaenea katika lenzi za raia. Matokeo yake yalibadili mizani yote. Nyuso za hewa hazikuwa tena adui mkubwa, na umbo la Planar, lenye uwezo mzuri zaidi wa kusahihisha kona, likarudi kwa nguvu.

Japani iliingia kwenye mashindano kupitia umbo la Sonnar. Nippon Kogaku, iliyokuwa imetengeneza lenzi ya Nikkor ya milimita 50 f/3.5 kwa kamera ya kwanza ya kampuni iliyokuja kuitwa Canon, ilitoa Nikkor ya f/1.4 mwaka 1950. Mwaka huohuo mpiga picha wa jarida la Life, David Douglas Duncan, alibeba lenzi za Nikkor kwenye vita vya Korea, na sifa zake zikafika Marekani. Tangu hapo f/1.4 ikawa namba ambayo kila kampuni kubwa ilitaka kuwa nayo.

Kioo cha kuakisi na vipande saba

Kamera zenye kioo cha kuakisi nyuma ya lenzi zilileta tatizo jipya. Kioo hicho, kinachompa mpiga picha taswira ileile inayopita kwenye lenzi, huhitaji nafasi ya kunyanyukia, hivyo lenzi haiwezi kukaa karibu na filamu. Kwenye Nikon F, kamera ya Nippon Kogaku ya 1959, umbali kutoka mdomo wa kamera hadi filamu ulikuwa milimita 46.5. Lenzi za Sonnar, ambazo kioo chake cha mwisho hukaribia filamu, hazikufaa. Umbo la Planar lilifaa, ila kwa tundu kubwa wabunifu walilazimika kwanza kuurefusha urefu wa fokasi. Ndiyo sababu lenzi nyingi za kawaida za wakati huo zilikuwa za milimita 55 au 58, na Nikkor ya kwanza ya f/1.4 kwa kamera hiyo ilikuwa ya milimita 58.

Suluhisho lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa vioo vyenye lanthani, vinavyopinda mwanga kwa nguvu bila kutawanya sana rangi, na kwa kuongeza kipande cha saba nyuma ya lenzi. Nikkor ya milimita 50 f/1.4 ilitoka mwaka 1962. Kampuni ya Asahi ilitoa lenzi ya Super-Takumar ya f/1.4 mwaka 1964, kwanza ikiwa na vipande vinane, kisha saba. Toleo hilo la pili lilitumia kioo chenye thori, madini yenye mionzi hafifu, ambacho hugeuka manjano kwa miaka. Vipande saba katika makundi sita vikawa kanuni ambayo kampuni mbalimbali ziliifuata, kila moja kwa mahesabu yake, kwa zaidi ya miaka 40.

Wakati huo lenzi ya milimita 50 iliuzwa pamoja na kamera, na mnunuzi alichagua tundu kulingana na uwezo wake: f/2 au f/1.8 kwa bei ndogo, f/1.4 kwa aliyeweza kuongeza. Lenzi za f/1.2 na zaidi zilikuwepo kwa wachache. Canon ilikuwa na ya f/0.95 tangu 1961, na Stanley Kubrick alitumia Planar ya milimita 50 f/0.7, iliyotengenezwa kwa ajili ya NASA, kupiga mandhari ya mishumaa katika filamu ya Barry Lyndon ya 1975.

Jinsi lenzi zilivyopimwa

Kadiri madaraja yalivyoongezeka, njia za kuyapima nazo zilikua. Mwanzoni lenzi ilipimwa kwa kupiga picha chati ya mistari inayozidi kusogeleana, kisha kuhesabu ni jozi ngapi za mistari zinatenganishika katika milimita moja. Chati ya Jeshi la Anga la Marekani ya mwaka 1951 ni miongoni mwa zilizotumika zaidi. Japani ilianzisha taasisi ya ukaguzi wa kamera mwaka 1954, na kibandiko chake cha rangi ya dhahabu kwenye bidhaa za nje kiliwahakikishia wanunuzi kwamba kamera au lenzi imekaguliwa.

Kuhesabu mistari kulikuwa na upungufu. Lenzi mbili zinaweza kutenganisha idadi ileile ya mistari, moja kwa weusi na weupe uliokolea, nyingine kwa kijivu hafifu, na jicho likaipenda ya kwanza. Kuanzia miaka ya 1950 wataalamu walianza kupima kiasi cha utofauti wa weusi na weupe kinachosalia kwa kila ukubwa wa mistari, kutoka katikati ya picha hadi kona. Michoro ya vipimo hivyo sasa huchapishwa na watengenezaji wengi. Hueleza mengi kuhusu ukali, lakini haielezi mng'ao wa lenzi inapoelekezwa kwenye jua, wala sura ya mandharinyuma yaliyo nje ya fokasi, wala uimara wa mitambo. Kwa hiyo tathmini kamili huhitaji michoro na picha halisi pamoja.

Daraja la kati katika zama za fokasi ya kujiendesha

Katika miaka ya 1980 lenzi za zumu zilichukua nafasi ya milimita 50 kama lenzi inayouzwa na kamera. Lenzi ya kawaida ikageuka kuwa kitu cha kununuliwa kwa makusudi, na madaraja yake yakatengana zaidi. Canon ndiyo mfano ulio wazi. Lenzi yake ya milimita 50 f/1.8 ya mwaka 1990 ilikuwa na uzito wa gramu 130, kiungio cha plastiki na bapa tano za kufungia tundu. Mwaka 1993 ikaja ya f/1.4 yenye mota ya fokasi iitwayo USM, gramu 290, kiungio cha chuma, bapa nane na vipande saba katika makundi sita. Mwaka 2006 ikafuata ya f/1.2. Mwishoni mwa miaka ya 2000, huko Marekani, ya kwanza ilizunguka dola 100, ya pili ilikuwa kati ya dola 300 na 400, na ya tatu ilipita dola 1,000.

Ile ya kati inaonyesha vizuri mnunuzi wa daraja hilo analipia nini. Tundu la f/1.4 hupitisha mwanga takriban mara 1.65 ya f/1.8, faida ya kweli lakini isiyofikia hata maradufu. Kwa f/1.4 picha huwa na ukungu mwepesi, urithi wa umbo la miaka ya 1960, kufikia f/2.8 ukali wake huwa mzuri sana katikati, na kona hufuata tundu likizidi kufungwa. Bapa nane huipa miduara ya mwanga ya nyuma umbo laini kuliko bapa tano. Mota yake humruhusu mpiga picha kurekebisha fokasi kwa mkono bila kuzima fokasi ya kujiendesha. Udhaifu wake umo kwenye mitambo: sehemu ya mbele hutoka nje wakati wa kulenga karibu, na ikigongwa ikiwa imetoka, mfumo wa fokasi unaweza kuharibika. Sehemu kubwa ya bei ya ziada ilikwenda kwenye ujenzi na matumizi. Tundu lilichukua sehemu yake tu.

Kamera za kidijitali zilizifanya lenzi hizo zihukumiwe upya. Kwenye kihisi kidogo cha kamera za bei nafuu, milimita 50 hutoa upana wa picha kama wa lenzi ya milimita 75 au 80, inayofaa sura za watu kuliko chumba kizima. Kwenye vihisi vikubwa vyenye mamilioni mengi ya nukta, kasoro ambazo filamu ilizificha zikaonekana. Fokasi nayo ikawa mtihani: kwa f/1.4, kitu kikiwa umbali wa mita moja, eneo linaloonekana kali halizidi sana sentimita tatu, na kosa dogo la kamera huhamisha ukali kutoka jichoni hadi sikioni.

Jibu la wabunifu lilikuwa kuiacha kanuni ya vipande saba. Zeiss ilitoa Otus ya milimita 55 f/1.4 mwaka 2013 ikiwa na vipande 12, na mwaka uliofuata Sigma ikatoa lenzi ya milimita 50 f/1.4 yenye vipande 13 na uzito wa gramu 815. Zote ziliweza kutumika zikiwa wazi kabisa bila ukungu wa zamani, kwa gharama ya ukubwa na bei. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi ziliondoa pia sharti la umbali wa nyuma, zikawarudishia wabunifu uhuru walioupoteza mwaka 1959, na kwa kuwa hupima fokasi kwenye kihisi chenyewe, zilipunguza makosa ya ulengaji.

Mabadiliko hayo yamevunja uhusiano wa zamani kati ya tundu na daraja. Mwaka 2018 Nikon ilitoa lenzi ya milimita 50 f/1.8 S yenye vipande 12 kwa takriban dola 600 Marekani. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ilitoa ya milimita 50 f/1.4 kwa takriban dola 500. Lenzi inayoingiza mwanga zaidi ikawa ndiyo ya bei ndogo, na fedha ya ziada ikawa inalipia usahihishaji wa makosa. Kwa hiyo anayetathmini lenzi ya kawaida ya bei ya kati leo hana budi kuanza na picha zilizopigwa kwa tundu lililo wazi kabisa, katikati na kwenye kona, kisha aangalie kasi na usahihi wa fokasi, tabia yake mbele ya jua, uimara na uzito. Namba ya f iliyoandikwa kwenye pete ya mbele, ambayo kwa zaidi ya nusu karne ilitosha kutaja daraja la lenzi, sasa inaeleza kiasi cha mwanga tu.